Kizunguzungu cha Kaka Hemed

Wenzangu wa kahawa ya alasiri, mmeniuliza mwezi mzima kilitokea nini, na kila mara nimejibu "salama" nikageuza mazungumzo. Nimesikia mkisema kwamba Ulaya imenitia kiburi. Si kiburi. Nilikuwa naona haya, na nilikuwa sijui nianzie wapi. Sasa nimelitoa daftari nililojifunzia Kijerumani, nyuma yake zimebaki kurasa tupu, nawaandikia humo humo. Mambo ya viza na mihuri nayaruka, maana hayo yalikwenda sawa. Yaliyoharibika ni mengine.

Mnanijua. Miaka ishirini na mbili nimekaa dirishani hospitali nikiandikisha wagonjwa, na kazi yangu ilikuwa kuuliza. Jina lako nani, unatoka wapi, unaumwa nini, umekula saa ngapi. Nilijiona hodari wa kuuliza, na nani angenikosoa, maana mgonjwa asiponijibu hapati karatasi.

Kaka yangu Hemed wengi wenu hamkupata kumwona ujanani. Aliondoka Unguja ana miaka ishirini, mwaka mmoja baada ya mapinduzi, akapelekwa Ujerumani ya Mashariki kusomea uchapaji. Sisi baadaye tukaja Oman, yeye hakuja. Barua zake zilikuwa ndefu, zikawa fupi, zikawa kadi ya Idi, kisha hazikuja tena. Mama amekufa hapa Ibra akiwa ameushika mkono wangu, na neno lake la mwisho lilikuwa, "Mrudishe kaka yako." Nikamwambia nitamrudisha.

Halafu ikaja simu kutoka Leipzig. Daktari mmoja, kwa Kiingereza, alisema Hemed amepigwa na kiharusi, upande wa kulia umepooza na ulimi umepotea. Sasa maneno yanarudi mojamoja, lakini ni ya Kijerumani tu. Kiswahili hakuna, Kiarabu hakuna. Nikauliza nitazungumza naye vipi. Akasema, jifunze kumuuliza vitu vidogo vya kila siku.

Ibra mpaka Nizwa

Mwalimu alikuwa Nizwa. Jina lake Khalfan, jamaa wa marehemu mume wangu, wazee wake walitoka Bujumbura, na yeye hutembeza watalii wa Kijerumani kwenye ngome na sokoni. Mwanangu Nasser akanipeleka kwa gari asubuhi, na tulitaraji kufika kabla ya adhuhuri.

Milimani mvua ilikuwa imenyesha. Kabla ya Bidbid tukakuta wadi, bonde la mto mkavu, limejaa maji na magari yamepanga foleni, watu wametandika majamvi pembeni wanangoja maji yapungue. Tulikaa saa tatu. Mzee mmoja na mkewe walitukaribisha tende na kahawa, na mimi nikafungua kikaratasi cha maneno ambayo Khalfan alimsomea Nasser kwa simu, nikawa narudiarudia kwa sauti: "Wo tut es weh? Wo tut es weh?" Yaani unaumwa wapi. Yule bibi akanitazama, akasogeza kikombe chake, akamnong'oneza mumewe kwamba nasoma azima ya uganga. Nasser alicheka mpaka Bidbid, na pale tukala chapati na dengu kwenye kimkahawa cha kituo cha petroli, kisha tukashika njia ya Nizwa.

Khalfan alinifundisha siku nne, kibarazani kwake. Wo ist, wapi. Wann, lini. Wohin, kwenda wapi. Hilo, akasema, watalii humuuliza kila wakiingia garini. Na siku ya mwisho wanapokwenda uwanja wa ndege hufurahi na kusema "nach Hause", twenda nyumbani. Niliandika yote kwa herufi zetu.

Tulishindana jambo moja tu. Yeye alitaka niulize moja kwa moja: Hast du Hunger, una njaa? Willst du Tee, unataka chai? Masikio yangu hayakukubali.

"Dada, hawa watu we waulize dairekti tu," akaniambia. "Hawana mambo mengi."

"Mie siwezi kumuuliza kaka yangu mkubwa namna ya polisi," nikamjibu. "Kwetu mtu huulizwa, 'Hunywi chai?', 'Huna njaa?' Akitaka atakubali, asipotaka haoni haya."

Khalfan akakuna kichwa. Akasema basi nitie neno "nicht" katikati, hiyo ndiyo "si" yao. Nilifurahi sana. Nikarudi kwenye daftari zima, kila swali nikalitia nicht, na nikaona nimekifundisha Kijerumani adabu. Nikamuuliza, na majibu? Akasema majibu mawili tu: ja ni ndiyo, nein ni la.

Seeb mpaka Leipzig

Ndege ilichelewa kuondoka uwanja wa Seeb, na nilipofika Frankfurt treni yangu ilikuwa imeshaondoka. Hapo ndipo nilipojua nimejifunza nusu ya lugha. Nilimwendea bwana mmoja mwenye kofia, nikamuuliza treni ya Leipzig iko wapi, na nikauliza vizuri, maana hakunitaka nirudie. Akanijibu maneno mengi, akaonyesha huku, akaonyesha juu, akaniaga. Sikuelewa hata moja. Nikamuuliza wa pili, wa tatu, wa nne. Wote walinijibu kwa ukarimu, na kila jibu lilizidi kunipoteza. Mwisho mama mmoja wa Kituruki aliyekuwa akifagia aliona buibui langu, akaweka fagio, akanishika mkono mpaka mlangoni mwa treni bila kuniuliza kitu.

Ndani ya treni njaa ilinishika. Nikafungua halua niliyotoka nayo Ibra na mkate wa ufuta. Mbele yangu ameketi msichana anasoma kitabu, na mimi siwezi kula mtu ananitazama. Nikamuuliza, "Willst du nicht?" Hutaki? Akatabasamu, akasema, "Nein, danke."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana safari yote imekaa hapa. Kwetu ukimuuliza mtu "Hutaki?" naye akajibu "La", amelikataa lile "hutaki" lako. Anataka. Angekuwa hataki angesema "Ehe, sitaki." Kwa hiyo nilimkatia yule msichana kipande kikubwa cha halua nikamtilia mkononi. Alinitazama, akakitazama, akala kidogokidogo mpaka stesheni yake. Nikaona Wajerumani wanaonea haya chakula sawa na sisi.

Leipzig

Kaka Hemed alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Alitoka kwetu kijana mwembamba wa kupiga gitaa, na mbele yangu ameketi mzee mweupe kichwa kizima, mkono umelala mapajani. Nilipiga magoti nikasema, "Shikamoo, kaka." Nikangoja. Mnajua mtu anavyongoja marahaba, haichukui hata pumzi moja. Hii haikuja. Alinitazama usoni muda mrefu, machozi yakamtoka jicho moja.

Kulikuwa na mwanamke pembeni yake, mtu mzima, nywele fupi za mvi, anamchana. Jina lake Hilde. Kumbe yeye ndiye aliyeikuta anwani na namba yetu ya simu kwenye barua za zamani na kumpa daktari. Nikamuuliza daktari huyu ni nani. Akajibu, wanakaa nyumba moja. Nikaelewa ni mpangaji mwenziwe. Kwetu Unguja nyumba moja hukaa watu chungu nzima, huyu chumba cha mbele, huyu cha uani, na wakiumwa huuguzana. Nikamshukuru kwa mikono miwili nikampa halua. Kiingereza hajui, na mimi Kijerumani changu ni maswali matupu, tukawa tunatabasamiana.

Nilianza kazi. "Willst du nicht Tee?" Kaka akasema, "Nein." Nikamtilia chai. Alikunywa mafunda mawili akageuza uso, na Hilde akanitazama. Siku ya pili nikamuuliza, "Hast du nicht Hunger?" Kaka akainua kichwa, akasema kwa nguvu, "Doch."

Wenzangu, moyo wangu uliruka. Na nyinyi mngesikia nilivyosikia. Kile kh cha mwisho, kizito, cha kooni. Dokha. Si Kiarabu hicho? Si ndivyo tunavyosema mtu akishikwa na kizunguzungu? Kaka yangu, aliyesahau lugha zote za kwao, amenambia kwa Kiarabu kwamba kichwa kinamzunguka. Nikamwita muuguzi, nikamlaza, nikamwinua miguu, sinia la chakula nikalisogeza mbali asije akatapika. Alikuwa akilinyoshea mkono. Nilidhani anatafuta pa kujishika.

Tangu siku hiyo dokha ilimjia mara nyingi, na kila ikimjia nilimlaza, na kila nikimlaza nilimshukuru Mungu, maana Kiarabu kinarudi na Kiswahili kitafuata. Nikampigia Nasser nikamwambia mjomba wake anahitaji kusikia sauti za kwao tu. Na daktari aliposema uamuzi ni wa mgonjwa mwenyewe, nimuulize, nilikwenda nikakaa mbele ya kiti chake. Hilde alikuwa ametoka kununua mkate. Nikamshika kaka mkono ule mzima, nikamuuliza swali nililolifanyia mazoezi tangu Nizwa.

"Kommst du nicht mit mir?" Huji na mimi?

Akanitazama kwa mapenzi. Naapa yalikuwa mapenzi. Akasema polepole, "Nein."

Nilimbusu mkono. Nikatoka ukumbini nikamwambia daktari kwa Kiingereza kwamba nimemuuliza na amekubali. Daktari aliniamini, na Hilde aliporudi na mkate akamwambia hivyo hivyo. Kwa nini asiniamini, mimi ni dada yake, na nilikuwa nalia kwa furaha.

Leipzig mpaka Bidbid

Siku ya kuondoka Hilde alileta begi lenye nguo zake, miwani na kikombe cha mstari wa buluu. Alisema maneno mengi. Alinishika mabega akarudia jambo moja mara tatu, na mimi nikaitikia "ja, ja", nikidhani ananiusia dawa zake. Kisha alimfunga kaka vifungo vya koti mpaka shingoni, akaondoka kwa haraka, akichechemea, bila kugeuka. Nilimhurumia kwa kubaki peke yake na kodi.

Ndani ya teksi kaka akauliza, "Wohin?"

Lilikuwa swali la kwanza kuniuliza tangu nifike, na jibu nilikuwa nalo kutoka kwa Khalfan. Nikamwambia, "Nach Hause." Twenda nyumbani.

Jamani, uso wake. Ule upande mzima wa mdomo ulipanda, akajiweka sawa kitini, akaanza kuangalia nje. Tulipofika njia panda yenye duka la maua aligonga kioo kwa kidole, tena na tena, akinionyesha barabara ya kushoto. Nikadhani anaaga mji wake. Dereva akaniangalia kwenye kioo, nikamwambia aendelee. Kaka alizidi kugonga mpaka ile barabara ikapotea nyuma yetu, kisha akateremsha mkono.

Kwenye ndege hakula. Nilimuuliza mara mbili kama hana njaa, mara zote mbili dokha, nikamrudisha nyuma kiti na kumfunika.

Nasser alitupokea na gari. Alasiri tulisimama Bidbid tusali na tunywe chai, na hapo kaka akamuuliza Nasser, "Wohin?" Nasser, aliyelijua neno lile tangu kwa Khalfan, akajibu kwa bashasha, "Nach Hause, mjomba." Kaka akatazama milima ile mikavu, akatazama malori, akatazama mbuzi kwenye gari la jirani. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, mpaka mwenye mkahawa akatoka. Nikamwambia mwenye mkahawa ni furaha, miaka arubaini hajaiona familia yake. Akatuletea chai bure.

Ibra

Siku zile mlikuja, mkamwona. Mlileta boko boko, vitumbua na mikate ya mofa, na kila mmoja wenu alimwamkia. Mlisema amekonda. Alikuwa amekonda kweli, na mimi nilikuwa nikimuuliza kwa adabu mara tano kwa siku kama hana njaa na kama hataki maji, nikimlaza kila akijibu dokha na kumlisha kila akijibu nein. Alipolishwa alifunga meno. Nikasema ni ugonjwa.

Hospitali walimpima damu, presha, masikio. Daktari aliniuliza nani amesema ana kizunguzungu. Nikasema mwenyewe, kwa Kiarabu. Akapima upya na hakuona kitu. Wiki ya tatu akapigwa tena na kiharusi, kidogo, alfajiri moja akiwa kitandani. Akapona, lakini daktari akasema ndege basi, hafiki salama. Neno hilo halikunigusa, kwa sababu sikuwa na nia ya kumpandisha ndege tena. Ahadi ya mama nilikuwa nimeshaitimiza.

Ibra mpaka Ras al Jinz

Asya, binti wa dada yangu, anafanya kazi kituo cha wageni kule Ras al Jinz. Alinipigia akasema, "Khaloo, hapa Wajerumani wanakuja kila siku kuona kasa. Mleteni mjomba, yaani asikie watu wa lugha yake, inshallah moyo utafunguka." Nikaona ni wazo zuri, na hewa ya bahari haikatai mgonjwa.

Tulitoka asubuhi. Kwenye mchanga wa Bidiyah upepo ulifunika barabara na Nasser akaenda polepole, na baada ya Al Kamil tairi likapasuka, tukakaa chini ya mti wa mghafu saa nzima tukila ndizi. Sur tulinunua samaki wa kukaanga, na niwaambie ukweli, siku ile nilikuwa na raha. Nilijiona mtu aliyefanya kazi yake.

Kituoni tulifika alasiri. Asya alimweka kaka kwenye kiti barazani, na kundi la Wajerumani lilikuwa pale likingoja. Mama mmoja mrefu, mwalimu mstaafu, alimsalimu kwa Kijerumani. Kaka akajibu. Yule mama akavuta kiti. Mimi kwa miezi miwili nilikuwa nimepata kwake neno mojamoja, na pale yalimtoka matatu, manne, yakakwama, yule mama akangoja, yakatoka mengine. Alicheka. Nilikuwa sijakisikia kicheko chake tangu niko skuli.

Jua lilikuwa kali. Nikainama nikamuuliza kwa adabu yangu, "Willst du nicht Wasser?"

"Doch," akasema kaka.

Nikaruka. Nikamwita Nasser, tukamshika mabega, tukamlaza kwenye benchi, nikaanza kumpepea kwa upindo wa buibui. Yule mama alisimama akitushangaa. Akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini tunamlaza.

"Ana kizunguzungu," nikamwambia. "Amesema mwenyewe."

"Bibi, amesema anataka maji."

Nikamwambia la, ni neno la Kiarabu, yeye hawezi kulijua. Akatikisa kichwa, akakaa kwenye ukingo wa benchi, akanieleza taratibu, kimwalimu. Kijerumani kina majibu matatu. Ukimuuliza mtu "hutaki?" naye anataka, hasemi ja, husema doch. Maana yake, nataka, umekosea kudhani sitaki.

Asya alileta maji. Kaka alikunywa gilasi nzima bila kupumua, akanyosha kwa ya pili.

Nilikaa chini sakafuni. Nilikuwa nahesabu bila ya kutaka: sinia la Leipzig, ndege, boko boko lenu, maji ya kila mchana. Na nilipomaliza hayo likaja lile jingine, likanifanya baridi kwenye jua lile. Nikamuuliza yule mama, na mtu akiulizwa "hutaki" akajibu nein?

"Basi hataki."

Na ukimuuliza, Kommst du nicht mit mir?, akasema nein?

Akanitazama, nadhani alikwisha fahamu nimefanya nini. Akasema kwa upole, "Basi haji."

Nilimwomba amuulize kaka kitu kimoja tu, anataka nini. Aliuliza moja kwa moja, namna ile ya Khalfan. Kaka hakukawia. Alisema, "Hilde." Yule mama akauliza Hilde ni nani, wakazungumza, na akanirudia akasema ni mke wake. Miaka kumi na tisa. Barabara yenye duka la maua, mkono wa kushoto.

Ras al Jinz mpaka Ibra

Hatukungoja kasa. Nilimwambia Nasser twende. Tulimweka kaka kiti cha mbele, nikamfunga mkanda, na kabla sijaufunga mlango akauliza, "Wohin?"

Lile neno la Khalfan sikulitoa. Nikamwambia, "Nach Ibra."

Akafikiri. Uso wake ulikuwa bado una ile furaha ya barazani, hajaiweka chini. Akaniuliza tena, na safari hii aliuliza kwa namna yangu, kwa adabu yetu: "Nicht nach Hause?"

Si nyumbani?

Ulimi wangu ulitaka kusema ja. Kwetu ndivyo ningejibu: ehe, ndivyo, si nyumbani. Nikajizuia. Nilikuwa nimejifunza nusu saa iliyopita, na sikutaka kumdanganya mara ya tatu. Nilimtazama machoni nikasema, "Nein."

Alitikisa kichwa kwamba amesikia. Akageukia dirisha, na hakugonga kioo. Kutoka pale mpaka Ibra mimi kiti cha nyuma nililia, simlaumu Khalfan wala daktari wala mama aliyeniachia ahadi. Nilikwenda kumuuliza kaka yangu, nikajijibu mwenyewe.

Sasa mmejua. Hilde magoti yake hayamwezeshi safari, na kaka hapandi ndege. Kila Ijumaa baada ya sala Asya hutuunganishia simu, nami namshikia kaka sikioni. Hilde huongea, kaka husema doch, doch, na mimi hutoka nje nikawaachia chumba. Nimemwomba radhi Hilde kwa mdomo wa mgeni mmoja wa Kijerumani aliyeombwa na Asya. Akauliza kama kikombe kimefika kizima. Nikasema kimefika.

Basi mkija kumtazama, nawaombeni kitu kimoja. Msimuulize "Hunywi kahawa?" Muulizeni kwa Kiswahili hicho hicho, sasa ameanza kukielewa ingawa hakisemi, lakini muulizeni wazi, unataka, kwa kidole kwenye birika, hata kama mtajiona hamna adabu. Na mmoja wenu akisahau, akauliza kwa mazoea yetu, naye akasema dokha, msimlaze. Mtilieni.